Waridi la Rangi ya Papai Lililotafutiwa Jina

Hapo zamani, kule milimani Lushoto, ambako baridi huyafaa maua kuliko magoti ya watu, aliishi Mboza, mwanamke aliyependa waridi kupita kiasi. Mwaridi wake mwekundu ulinukia hadi barabarani, ila maua yake yalikuwa membamba. Wifi yake Hidaya alikuwa na mweupe, maua yamejaa kama kabichi, harufu hakuna.

Mboza akachukua unyoya wa kuku, akachota unga wa manjano kwenye waridi la wifi, akaupaka kwenye lake. Ua lilipozaa, akaotesha mbegu. Ukatoka mche mmoja. Akawa anauimbia kila asubuhi.

Siku moja mumewe, Shekiondo, akifyeka uani, akadhani mche ule ni mwiba wa porini. Akaung'oa, akautupa nje ya uzio. Mboza alilia, chakula hakikupita. Hakujua kwamba jirani yao Nuru ameuokota, akaupanda kwake, akaumwagilia kiangazi kizima kwa maji ya kubeba kichwani kutoka bondeni.

Ukachanua. Ua rangi ya papai bivu, harufu ya karafuu. Mboza aliifuata harufu hiyo na unga wa ugali mikononi, akaliona ua kwa Nuru, akacheka hadi akakaa chini. Nuru akacheka, akasimulia alivyouokota mche nje ya uzio. Hidaya akaja kuuliza kulikoni, akanusa, akacheka. Shekiondo akaja kuwakemea, akajikuta anacheza.

Akapita mwuza miche kutoka mji wa Soni. Akanusa, kofia ikamdondoka. "Nitalieneza bonde zima," akasema. "Nipeni jina moja tu. Likishatangaa, halibadiliki."

Kicheko kikakatika.

"Liitwe Mboza," Mboza akasema. "Bila unyoya wangu lisingekuwepo."

"Liitwe Nasemwa," akasema Hidaya. "Ndilo jina la marehemu mama, aliyekuja na mwaridi wangu mweupe siku anaolewa. Hakutuachia kingine. Nawe wifi, ulichota kwangu bila hata hodi."

Nuru akainamisha uso. "Kila mwanamke hapa ni mama fulani. Mimi ni Nuru tu. Liitwe Riziki, nami niitwe Mama Riziki."

"Na mimi niliyelitupa?" Shekiondo akauliza. "Lingebaki kwetu, si lingeliwa na mbuzi?"

Wakamtazama. Akaenda kumfunga mbuzi.

Furaha ilikuwa bado inamtekenya Mboza kifuani, na aibu iko papo hapo. Akamtazama wifi, akamtazama Nuru, ambaye utosi wake umenyonyoka kwa ndoo za maji.

"Haya, semeni," mwuza miche akahimiza.

Nanyi mnaonisikiliza, msemeeni Mboza. Je, nani alistahili kulichagulia waridi lile jina?