Gesti Isiyokaa Juu ya Mfereji

Wewe unayesoma, umewahi kuona mtu akiukana mfereji alioujengea nyumba?

Bosi Lukindo aliweka gesti juu ya mfereji wa zamani wa maji ya mvua. Enjinia wa halmashauri alipokuja kupanga mfereji mpya, Lukindo akaapa pale hapajawahi kupita maji. Upitishwe kwa Sijaona, yule binti mwenye digrii anayeuza chapati. Nyumba ya Sijaona ikapigwa X ya rangi nyekundu, ibomolewe.

“Bosi hasemi uongo,” Sijaona akamwambia enjinia. “Ila hilo shimo getini kwake litameza watoto. Kama si mfereji, tulizibe.”

“Ziba, binti,” Lukindo akacheka. “Tia na zege.”

Wakaziba. Kesho yake vyoo vya gesti, ambavyo Lukindo aliviunganisha kimyakimya na mfereji uleule, vikafurika. Wageni wakatoka na mabegi kichwani. Lukindo akaja mbio, suruali magotini.

“Nani kaziba mfereji wangu?”

“Shikamoo, bosi,” Sijaona akasema, akigeuza chapati. “Mfereji upi tena?”

Enjinia alikuwa kando, anakunywa chai. Akachukua kopo lake la rangi, akaelekea gesti.

Haya, waheshimiwa wa halmashauri: X imeshahamia gesti. Tingatinga mnalileta lini?