Pimbi Alivyomfundisha Chui Kuteleza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na baridi!
Tujifunike!
Jifunikeni basi, maana leo nawapeleka juu Kibo, kwenye theluji.

Hapo zamani Pimbi aliishi kwenye mawe ya huko na watoto wake watatu. Siku moja Chui akaja, akauziba mlango wa pango lao.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Nimekuja kula watoto wako."

Akili zikamruka Pimbi, zikarudi. "Sawa, Bwana. Lakini umewahi kuteleza?"

Pimbi akatangulia kuonyesha njia. Akakalia gome la mti, akashuka mteremko, shwaaa! Chui naye akajaribu, shwaaa! Akacheka mpaka akasahau njaa. Akateleza zamu yake, akateleza na zamu ya Pimbi. Jua lilipozama akasema, "Kesho nitawala."

Kesho yake Pimbi akatangulia, shwaaa! Kisha Chui, zamu yake na zamu ya Pimbi. "Kesho nitawala."

Siku ya tatu, vilevile. "Kesho nitawala."

Usiku ule ikaanguka theluji nyingi juu ya barafu ya zamani. Asubuhi Pimbi akaikanyaga pembeni. Vumm! Akanyata akarudi nyuma. Alijua kwamba theluji ikiguna hivyo haijashikana na mlima, na anayepita juu yake haponi.

Chui akafika, mkia juu. Pimbi akainama.

"Bwana Chui, wewe ndiye mkubwa. Leo tangulia."

"Ahaa, umeanza kuwa na adabu!" Chui akakalia gome. Shwaaa! Katikati ya mteremko akageuka, anacheka, akapaza sauti: "Pimbi! Kesho walete na watoto, nao wateleze!"

Pimbi akafungua kinywa amwite arudi. Paa! Theluji ikapasuka. Buru-buru-burumm! Ikaporomoka yote na Chui ndani yake, kisha kukawa kimya.

Watoto wakapona, wakaruka, wakashangilia. Baba yao alikaa juu ya jiwe akilia. Hakujua, wala hatajua: Chui aliwataka ili acheze nao, au ili awale? Ngano hii nimeisimulia miaka mingi, nami sijui bado, na inaniuma.

Basi, ngano yangu imefika tambarare, haishuki tena. Na funzo lake, wanangu, ni hili: waheshimuni wakubwa. Popote mwendapo, waacheni watangulie.