Nani Abaki na Jina la Kimondo?

Hapo zamani, zamani za suruali pana na redio zilizovishwa vitambaa vya kufuma, paliondokea vijana watatu mjini Mbeya, na vijana hao walikuwa na bendi. Wa kwanza Lugano, mcharazaji wa gitaa la umeme. Wa pili Ambakisye, mpigaji wa besi na mwimbaji, kijana mtanashati mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Wa tatu Sekela, binti wa Mzee Mwakyoma. Sekela alipiga dramu.

Msichana na dramu! Mji ulishika mdomo. Baba yake akamwita, akamwambia, "Sekela, mwanangu, chagua. Dramu au nyumba yangu." Sekela hakumjibu vibaya. Aliaga kwa adabu, akamkumbatia mama yake, akabeba nguo zake na kuhamia kwa shangazi yake, mtaa wa Mwanjelwa.

Bendi yao waliiita Kimondo, kwa jina la lile jiwe lililoanguka kutoka mbinguni kule Mbozi. Lakini wakati huo jina lilikuwa kubwa kuliko bendi. Walipiga nyimbo za ng'ambo walizozisikia redioni, Ambakisye akiimba maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Watu walikuja, wakakaa, wakatafuna karanga, wakaondoka. Hakuna aliyetikisa hata bega.

Ikafika Pasaka. Mama Tusekile, mwenye ukumbi, akawapa dansi la mchana.

"Wanangu," akawaambia, "nimewavumilia sana. Leo watu wasipocheza, ukumbi nawapa wengine."

Wakaanza kupanga vyombo. Lugano na Ambakisye wakanong'onezana, kisha Ambakisye akamwendea Sekela.

"Dada Sekela, usikasirike. Leo dramu zako tuziweke nyuma ya pazia."

"Nyuma ya pazia? Kwa nini?"

"Watu watatucheka. Wakimwona mwanamke anapiga, hawatacheza."

Sekela akamtazama Lugano. Lugano akajifanya anakaza nyuzi.

Moyo wa Sekela ukachemka. Nyumba ya baba ameiacha kwa ajili ya bendi hii, na bendi yenyewe inamwonea haya! Akainua mguu, akaipiga teke spika ya gitaa. Pwaa! Ikaanguka, ngozi yake ikachanika.

Ambakisye akashika kichwa. "Tumekwisha! Tumwambie Mama dansi halipo."

Sekela mwenyewe akainama kuiinua. Spika ya gitaa walikuwa nayo hiyo tu. Kabla hajaifikia, Lugano alikuwa ameiinua na kugusa uzi mmoja wa gitaa. Ngrrraaaa! Sauti ikatoka nene, yenye mikwaruzo, ikinguruma kama lori la viazi linalopanda mlima.

"Izime hiyo!" akafoka Ambakisye.

"Nyamaza wewe. Sikilizeni." Lugano akapiga tena, macho yakimng'aa. "Sauti hii nimeitafuta tangu niliposhika gitaa. Izimwe? Tunapanda nayo!"

Pazia la mbele likafunguliwa. Sekela alikuwa amekwisha kuburuta dramu zake hadi mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Wakaanza. Ngrrraaaa! Watu wakaziba masikio. Wakapiga miluzi. "Redio imekufa hiyo! Rudini kwenu!" Ganda la chungwa likaruka, likampata Lugano shavuni. Na huyo Lugano, aliyeisifu sauti ile muda mfupi tu uliopita, akashindwa kuvumilia. Akaweka gitaa chini, akatokomea nyuma ya jukwaa.

Sasa tazameni. Gitaa liko chini. Mwimbaji ameduwaa. Watu wanazomea. Sekela akafanya nini? Akaendelea kupiga. Du-ka! Du-du-ka! Jasho linamtiririka, anapiga. Mikono inamuuma, anapiga. Alijua kabisa kwamba akinyamaza, bendi imekufa, na nyumba ya baba ameiacha bure. Anapiga!

Mapigo yale yakamgonga Ambakisye mgongoni kama mtu anayemsukuma. Akafungua kinywa aimbe wimbo wa ng'ambo; maneno yakampotea. Basi akaimba yaliyomjia, kwa Kiswahili, papo kwa papo. Akaimba ukungu wa Mbeya asubuhi. Akaimba vijana wanaoambiwa wakae nyuma. Akaimba, "Nifungulieni, nami nina sauti!"

Zomeazomea ikakatika. Msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango akasimama, akaitikia, "Nifungulieni!" Jirani yake akaitikia. Benchi zima likaitikia. Kule nyuma Lugano akasikia, akarudi mbio, akanyakua gitaa, na ile spika iliyochanika ikanguruma chini ya maneno yale. Ukumbi ukalipuka! Walicheza chini, walicheza juu ya mabenchi, walicheza hadi barabarani. Mama Tusekile alifungua kilemba chake, akakipepea hewani kama bendera.

Baada ya hapo Kimondo haikushikika. Redio ikaupiga wimbo ule. Iringa wakauimba, Dodoma wakauimba, Dar es Salaam wakauimba, ukavuka mpaka hadi Lusaka. Mafundi cherehani wakashona suruali kama ya Lugano. Vinyozi wakalia njaa, maana vijana hawakutaka tena kukatwa nywele. Bendi nyingine zikatoboa spika zao kwa misumari, makusudi, zipate ule mngurumo. Kwaya zilizokuwa haziwezi kusikia habari ya dramu zikanunua dramu, na wasichana wakagombania kuzipiga. Bibi harusi akiingia, ni "Nifungulieni". Wanafunzi wakinyimwa nafasi ya kusema mkutanoni, wanasimama wote, "Nifungulieni", na walimu hawajui wacheke au wakasirike.

Hata Mzee Mwakyoma alikwenda mwenyewe Mwanjelwa, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake.

"Mwanangu, mama yako amepika. Twende nyumbani." Akakohoa kidogo. "Na hizo dramu zako, zibebe."

Sekela alilia kama mtoto.

Lakini vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lugano akataka gitaa litawale. Ambakisye akataka nyimbo za taratibu. Sekela akataka kuunda bendi ya wasichana peke yao. Hawakutukanana, walikubaliana kila mtu ashike njia yake. Tatizo likawa jina. Kila mmoja alilitaka, maana Kimondo ndilo jina lililojaza kumbi. Wakaafikiana libaki kwa yule aliyeifanya Kimondo iwe Kimondo, wakaenda kwa Mama Tusekile awaamue. Habari zikavuja; wakakuta ukumbi umefurika.

Lugano akasema, "Mama, sauti ile tuliisikia wote. Wenzangu walisikia hasara, mimi nilisikia muziki. Bila sikio langu, spika ingetupwa jalalani na Kimondo isingekuwepo."

"Ulikimbia!" Ambakisye akamkatiza.

"Nilikimbia, nikarudi. Kwani bendi zote nchini zinaiga nini, kama si gitaa langu?"

Ambakisye akasema, "Mama, gitaa lilizomewa. Dramu zilizomewa. Nilipoimba, watu walinyamaza. Hakuna anayerudi nyumbani na mngurumo mdomoni. Watu hurudi na maneno. Bila maneno yangu, Kimondo isingekuwepo."

"Aliyetaka kunificha nyuma ya pazia alikuwa nani?" Sekela akamuuliza.

Ambakisye akainama. "Mimi. Na nilipoimba juu ya wanaoambiwa wakae nyuma, dada, nilikuwa nakuimba wewe."

Sekela alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Akamgeukia Mama Tusekile, akapaza sauti.

"Mama, spika niliichana mimi. Kwa hasira, sikatai. Lakini wote wawili walipokwama, mimi nilipiga. Wewe Lugano ungerudi kufuata nini, kama jukwaa lingekuwa kimya? Na wewe Ambakisye, maneno yako ungeyaegemeza wapi? Bila mikono yangu, Kimondo isingekuwepo."

"Teke si muziki, dada," Lugano akasema polepole.

"Na kukimbia ni muziki?"

Ukumbi ukagawanyika. Huku "Lugano!" Kule "Ambakisye!" Wasichana wamepanda madirishani, "Sekela! Sekela!" Mume na mke waliokuja pamoja wakahama viti, kila mmoja na upande wake. Mama Tusekile akasimama kuamua, akamtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu, akaketi tena.

"Mimi nimeshindwa," akasema. "Waamue wanaosikiliza."

Haya, ndugu zangu, wanaosikiliza ndio ninyi. Yuko wa sikio, yuko wa mdomo, yuko wa mikono. Jina ni moja, wanaolidai ni watatu, na wote wanawangoja. Je, nani alistahili kubaki nalo?