Onyo Lililofunikwa

Nina fundo mkononi na meno yangu yameshindwa kulifungua, kwa hiyo nawatupia nyinyi. Msilivamie kwa pupa. Waliolifunga ni watu watatu, na laiti mmoja wao angekuwa mbaya, tungemaliza mapema tukalale.

Wa kwanza ni Nyamizi, muuguzi wa zahanati moja huko Nzega vijijini. Kipaji chake ni kufuata maandishi. Mpe karatasi yenye hatua kumi, atazifuata zote kumi, na kila moja ataitia tiki kwa kalamu nyekundu. Wenzake walimtania kwamba hata chai hapiki mpaka asome pakiti.

Wa pili ni Lwitiko wa Tukuyu, ambaye haoni tangu alipokuwa na miaka minane. Kipaji chake ni sikio. Kompyuta yake humsomea kwa sauti, tena kwa kasi ambayo mimi na wewe tungesikia mvumo wa nyuki tu, naye hushika hadi nukta.

Wa tatu ni Kidawa wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi. Kipaji chake ni subira. Kwa miaka saba, akishatoka darasani, husahihisha miongozo ya programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, ambazo yeyote huzitumia bure na yeyote mwenye ujuzi huzirekebisha. Wengine hukimbilia kuunda vitu vipya vya kung'aa. Kidawa hunyoosha majedwali yaliyopinda na herufi nene zilizomwagika ukurasa mzima. Kazi hiyo ni kama kufagia uwanja, huonekana siku usipofagia. Hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Sasa sikilizeni. Zahanati ya Nyamizi ilitumia programu huria iitwayo Kumbu kuweka kumbukumbu za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: nani kapewa dawa gani, na zamu yake nyingine ni lini. Walikuwa watoto mia mbili na kumi na wanne. Jumanne moja asubuhi Nyamizi akaagizwa aweke toleo jipya la Kumbu. Akachapisha ukurasa wa mwongozo, akashika kalamu yake. Hatua ya tano, tiki. Ya sita, tiki. Ya saba, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Mwongozo ulisema abonyeze Ndiyo, naye akabonyeza. Kumbukumbu za watoto wote zikafutika.

Wiki iliyofuata akina mama waliulizwa tarehe za dawa kwa kichwa. Kichwa cha mama wa watoto watano kina mengi. Shija, mtoto wa miaka minne, akarukwa na zamu yake, akalazwa hospitali wiki tatu. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini mama yake alimsimamisha Nyamizi sokoni mbele za watu.

"Nesi, mimi nilikukosea nini?" alisema. "Nambie tu, nijue."

Tangu siku hiyo Mama Shija akimwona hugeuza uso.

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze, kosa lake uzembe. Akikiri, ataonywa. Akikataa, atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

"Sikiri," Nyamizi alisema. "Nimefuata maandishi. Karatasi hii hapa, na tiki zangu hizi hapa."

"Mama, kilichofuta si karatasi. Ni kidole chako."

Kazi ya Nyamizi basi ilikuwa kukataa. Angekiri, mambo yangeishia pale pale, na mwongozo ungeendelea kuumiza wengine. Badala yake akaipiga picha karatasi yenye tiki nyekundu, akaitupa kwenye kundi la watumiaji wa Kumbu, akaandika: "Naombeni mwenye macho anioneshe nilipokosea." Watu themanini wakafungua ukurasa ule. Wote wakaona alichokiona yeye, hatua ya sita ikifuatwa na ya saba. Baadhi wakamcheka.

Kazi ya Lwitiko ilikuwa kusikia. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza, "Dada, mbona uliliruka onyo?"

"Onyo gani?"

"Lililo kati ya sita na saba. Linasema hatua inayofuata hufuta kumbukumbu zote, kwanza uziwekee nakala. Mimi nalisikia hapa."

Watu wakadhani anatania. Lakini Lwitiko hafungui ukurasa uliopambwa kama sisi, kwa kuwa mapambo humsumbua. Husikiliza faili lenyewe, kama lilivyoandikwa na waandishi wake. Na humo, waandishi wana alama ya kufunika. Ukiifungua, maneno yanayofuata hayaonekani kwa msomaji, ni ya wao kwa wao. Ukimaliza unaifunga. Usipoifunga, humeza kila kitu mpaka ikutane na alama ya kufungia. Lwitiko alirudi nyuma, akasikiliza tena. Kabla ya onyo kulikuwa na alama iliyofunguliwa bila kufungwa, na alama ya kufungia ilikuja baada ya onyo, kabla tu ya hatua ya saba. Onyo lilikuwepo, na kila mwenye macho alikuwa kipofu kwalo.

Kazi ya Kidawa ilikuwa kufunga. Kuifunga alama moja ni kazi ya kupepesa jicho, lakini yeye hakuishia hapo. Alipitia mwongozo wote, akakuta kosa lile lile kwenye kurasa thelathini na moja, akazisahihisha moja baada ya nyingine kwa siku tisa. Akawapelekea watunzaji wa Kumbu, wakamrudishia wakisema hayo ni mambo ya urembo. Akapeleka tena, wakamwambia amejaza mengi mno kwa mkupuo. Mara ya tatu akaambatanisha karatasi ya Nyamizi na maelezo ya Lwitiko, wakapokea. Kwenye orodha ya mabadiliko wakaandika: "Marekebisho madogo ya mwonekano."

Nyamizi aliyasoma maneno hayo mara nne. Wiki tatu za Shija kitandani, mwonekano! Alilia kwa hasira, si kwa huzuni.

Hata hivyo watunzaji wana desturi yao. Kila toleo jipya hutolewa kwa heshima ya mtu mmoja aliyewaokoa watumiaji. Jina lake huandikwa juu ya toleo, naye hupewa barua yenye saini zao. Jina ni moja tu, kwa sababu wakianza kutaja wote hawatamaliza. Wakawaandikia: "Tajeni mmoja wenu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Tusipolipata jina, toleo litatoka bila jina."

Nyamizi alihitaji barua ile. Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu, na ilikwisha kumwambia haijui kusoma mafaili, ila barua yenye saini na jina lake ingeielewa. Lwitiko naye aliihitaji. Alikuwa ameomba kazi mahali kumi na moja, na mahali pa mwisho walimwambia alete kitu kimoja kinachoonesha kwamba watu wameikubali kazi yake. Kidawa hakuwa na kamati wala mwajiri wa kumngoja. Alisema tu, "Miaka saba. Mume wangu anaamini nachezea simu. Nataka mara moja nimwoneshe."

Wangeweza kuyamaliza kwa wema. Siku ya Alhamisi wakapigiana simu, watatu kwa pamoja. Kumbe Lwitiko alikuwa amelisikiliza faili tena, safari hii na historia yake, maana kila mstari hubeba jina la aliyeuandika.

"Dada Kidawa," alisema taratibu, "alama ile iliachwa wazi miaka miwili iliyopita. Aliyeiacha ni wewe."

Kidawa hakukana. Alikuwa amefunika neno la kujikumbusha, kwamba jedwali la ukurasa ule atalirudia, akasahau kufunga, kisha akaunakili mpango huo huo kwenye kurasa nyingine thelathini.

"Ulijua?" Nyamizi aliuliza.

"Nilijua siku ya kwanza ya kusahihisha."

"Na hukutuambia."

"Ningeanzaje, dada? Kuna mtoto alilazwa." Kisha sauti ikapanda. "Lakini na wewe, kaka Lwitiko! Miaka miwili unausikiliza mwongozo huu na alama iko wazi. Ulinyamazia nini?"

"Onyo nililisikia, nikadhani ninyi mnaoona mnaliona," alijibu. "Na kila nikisema kitu, naulizwa nimejuaje na sioni. Nikachoka."

"Na nakala ya Ijumaa?" Kidawa hakuachia. "Ukurasa wa kwanza wa mwongozo, haukufunikwa na mtu, unasema kila Ijumaa weka nakala kwenye flashi. Dada Nyamizi, flashi ilikuwa wapi?"

Hapo Nyamizi akainama, ingawa hakuna aliyemwona, akawasimulia. Flashi iliazimwa na mganga mfawidhi, apigie nyimbo kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Nakala za zamani zikafutwa kupisha nyimbo, nayo ikakaa huko wiki tano. Aliona haya kuidai.

"Kwa nini hukuyaandika hayo kwenye barua ya kujieleza?" Kidawa aliuliza.

"Anayeisoma ni yeye huyo huyo mganga."

Mwishowe Lwitiko akasema, "Andika wewe, dada Nyamizi. Wewe ndiye uliyeumia kwanza." Kidawa akasema, "Jina lolote utakaloandika, sitalipinga." Maskini, walidhani wanampa heshima. Walimtwisha mzigo.

Sasa ni Ijumaa, saa sita kasoro dakika chache. Nyamizi yuko kwenye benchi la zahanati, ameshika simu, na nafasi iliyoachwa ni ya jina moja. Akiandika lake, ataingia kwenye kamati na barua mkononi huku akijua ya flashi. Akiandika la Lwitiko, atampa kazi mtu aliyelisikia onyo miaka miwili akakaa kimya. Akiandika la Kidawa, atamshukuru aliyelifunika kwa kulifunua. Akiiacha tupu, yatabaki yale maneno manne ya watunzaji, marekebisho madogo ya mwonekano, na hakuna kilichotokea.

Na kwenye foleni mbele yake, Mama Shija amempakata mwanawe, ameangalia ukutani.

Haya, simu ninakukabidhi wewe uliyenisikiliza. Utaandika jina la nani? Na mama yule akigeuka akakuuliza kwa nini huyo, utamjibu nini?