Mahubiri Aliyoyasikia Gavana

Huko Australia, koloni likiwa bado changa, Kasisi Thornbury alikalia vyeo vitatu peke yake: Jumapili mhubiri, Jumatatu hakimu, siku nyingine bosi wa kondoo. Wafungwa waliomchungia walikula unga wenye wadudu, na aliyesinzia kanisani alichapwa mijeledi.

Jumapili moja Gavana alikuja kusali, akakaa kiti cha mbele. Ibada ilipoisha, akampa Kasisi mkono. "Hongera. Sikupoteza hata neno."

Kasisi akavimba kichwa, akamwita mfungwa Fintani.

"Wewe ulilala."

"Nilifumba macho nikisali, Mchungaji."

"Basi sema nilihubiri nini. Ukikosea, mgongo huo ni wangu."

Fintani akakohoa kidogo. "Ulihubiri kuhusu tajiri wa kondoo. Ukasema anayewanyima watumishi wake nyama asahau mbingu. Ukaapa leo hii utatuchinjia wanono."

Kasisi akaiva uso. "Mwongo mkubwa. Mheshimiwa Gavana, wewe ulinisikia. Nilisema hayo?"

Gavana akajifuta ndevu, akatazama dari, akatazama viatu.

"Neno kwa neno, Kasisi. Yalinigusa sana. Haya, chinja."

Jioni, wafungwa wakivunja mifupa wafyonze uboho, mmoja akamwuliza, "Fintani ndugu yangu, ulipata wapi ujasiri ule?"

Fintani akalamba vidole. "Kasisi alikuwa bize kutuchunga sisi. Mimi nilikuwa namchunga Gavana. Tangu wimbo wa kwanza, mzee wa watu alikuwa anakoroma."