Damu Isiyofuatwa

Wewe, Mbaruku, unayeguna hapo mlangoni. Eti mazimwi hayapo, mwalimu kasema. Mwalimu wako kalala msitu gani? Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Usiyeamini, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, kalale.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mtu na upinde wake.

Tumsikie!

Hamtampenda.

Basi, aliitwa Sekonde, mwindaji wa kijiji kilichopakana na msitu. Babake alimfunza mambo mawili kabla hajafa. Usiachie mshale mpaka umsogelee mnyama uone kope zake. Na ukimjeruhi akakimbia, fuata damu mpaka ummalize, hata kama ni siku tatu.

Sekonde alikuwa hodari wa kulenga, na hodari zaidi wa kupenda sifa. Ukitambaa kwa tumbo kwenye miiba, nani atakusifu? Lakini ukipiga kutoka mbali, watu husema, "Lo! Jicho hilo!"

Siku moja akampiga swala kutoka mbali. Mshale ukaingia pajani, swala akakimbia nao akichechemea. Sekonde akatazama magharibi, akarudi nyumbani.

Mkewe, Mandia, akamuuliza, "Ulifuata damu?"

"Jua lilikuwa limezama. Kwani swala mmoja ni nini? Porini wamejaa."

Asubuhi Mandia alipokwenda kuteka maji, akaona matone ya damu, mabichi, yametoka msituni yakakomea kisimani.

"Mume wangu, damu ile inarudi. Nenda ukammalize."

"Damu ya kuku hiyo."

Siku ya pili akampiga swala mwingine, kutoka mbali zaidi. Mshale ukaingia tumboni.

"Ulifuata damu?"

"Jua lilikuwa limezama."

Asubuhi matone yalikuwa yamefika uani, karibu na kinu.

Siku ya tatu akampiga kulungu jike, ndama yuko ubavuni. Kwa umbali ule Sekonde hakumwona ndama, au alimwona, mimi sijui, sikuwa ndani ya kichwa chake. Mshale ukaingia tayani.

"Ulifuata damu?"

"Jua lilikuwa limezama! Mwanamke, ulimi wako hauchoki?"

"Miguu yako ndiyo iliyochoka."

Asubuhi damu ilikuwa kizingitini. Mandia akafagia, ikarudi. Akamwagia jivu, ikarudi. Akamwambia mumewe, "Sasa imefika mlangoni. Nenda leo." Sekonde akasema atakwenda akishakula.

Basi, saa sita mchana, tonge liko mkononi, likaja zimwi. Refu kuliko paa la nyumba, kucha kama majembe. Na mkononi limeshika mishale mitatu.

"Hodi, mwenye mishale!"

Sekonde akatoka nje, tonge hajalimeza.

"Wa kwanza nimeutoa pajani," zimwi likasema. "Wa pili nimeutoa tumboni. Wa tatu nimeutoa tayani, kulungu hawezi kutafuna jani, na maziwa yamekauka, na ndama analia. Msitu mzima unalia, silali. Nikasema nifuate damu mimi, maana mwenyewe hafuati."

"Nisamehe, bwana mkubwa! Wewe nawe si unakula watu?"

"Nawala. Lakini nikimla mtu, nammaliza. Sijawahi kumwacha mtu atembee na meno yangu mwilini."

Zimwi likaangua upinde wa Sekonde ukutani. Kisha likaanza kurudi nyuma. Hatua kumi. Hatua hamsini. Hatua mia, mpaka chini ya mkwaju, likawa dogo kama mbuzi.

Hapo Sekonde akaelewa.

"Sogea!" akalia. "Sogea karibu, uone kope zangu! Ukipiga kutoka huko hutaniua!"

"Najua," zimwi likasema.

Mshale ukaingia pajani. Sekonde akakimbilia msituni, kama wanavyokimbia wote waliopigwa, mshale ukimchezacheza mguuni.

Mandia akalipigia zimwi kelele, "Unamwachaje hivyo? Hai si hai, maiti si maiti!"

Zimwi likatazama juu. Jua lilikuwa la utosi, kali, hata kivuli hakuna.

"Jua limezama," likasema. Likatupa upinde, likaenda zake.

Basi, Mandia akachukua kibuyu cha maji, akafuata damu. Katika nyumba ile, yeye ndiye aliyefunzika. Akafuata siku ya kwanza. Akafuata siku ya pili. Siku ya tatu akamkuta kichakani, nzi wamemfunika, bado anapumua.

Mnanitumbulia macho nini? Eti, "Bibi, alipona?"

Swala wa kwanza nilimtaja, nani aliniuliza kama alipona? Wa pili je? Kulungu je, na ndama wake? Mlikaa kimya, mkingoja zimwi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kichakani, penye nzi. Anayetaka nyama na asogee. Aliyejeruhi na amalize. Asiyeweza hayo, mchicha upo.

Haya, Mbaruku, sogea nipite. Mlango naufunga mwenyewe.