Jina Moja Chini ya Mtakatifu

Hapo zamani, huko Misri, makanisa yakiwa mapya na mahekalu ya kale yamebaki na popo tu, aliishi Taesi na mumewe Pamuni. Kuchonga mawe kazi ya mume, kuyapaka rangi kazi ya mke, kugombana kazi ya wote wawili.

Mkuu wa watawa akawaagiza jiwe la chokaa lenye sura ya mtakatifu. Akasema, "Chini pana nafasi ya jina moja la aliyelitengeneza. Watu watamwombea kizazi hata kizazi."

Jiwe zuri lilikuwa hekaluni, na hekaluni, walisema, kuna mashetani. Siku ya kwenda kulichukua, wanaume wote wakaumwa tumbo. Hori jirani akaenda peke yake, akaling'oa, likamvunja mguu. Nyuma ya jiwe alikuwa amechongwa mungu wa kale, kwa kina. Hori akaligeuza upande huo usionekane, asimwambie mtu. Watawa wangelikataa.

Pamuni akachonga miezi saba, akikohoa vumbi. Akachonga mikono, akachonga mikunjo ya kanzu hadi ukatamani kuifua. Alipozamisha tindo usoni, tindo ikatokea upande wa pili. Uso ukamwagika kama unga. Taesi akachungulia nyuma ya jiwe, akamwona yule mungu wa kale. Pamuni akajilaza na kifua chake kilichojaa vumbi, hakuamka tena.

Taesi akamzika Jumatatu. Jumanne akakoroga chokaa, akaziba tundu, akafinyanga uso kwa vidole, akaupaka rangi. Jiwe lilipopandishwa ukutani, watu walipigia magoti uso ule. Mikunjo hawakuitazama.

Ikabaki nafasi ya jina. Taesi akaipaka chokaa mbichi, akashika brashi. Hori akaja akichechemea kwa gongo lake.

"Shemeji, bila mimi mngechonga tope."

"Na ungefungua mdomo, Pamuni asingechimba kwa kina."

"Ningefungua mdomo, jiwe mngelipata?"

Taesi akaikoroga rangi yake.

"Pamuni kafa," akasema. "Maiti ndiye mhitaji wa kuombewa. Lakini wanapigia magoti uso wangu mimi, Hori. Nami nitakufa."

"Basi andika lako."

"Nikimkuta Pamuni huko, nimwambie nini?"

Chokaa ilikuwa inakauka, na ikikauka haishiki rangi. Taesi akachovya brashi.

Haya, nyinyi mnaomaliza karanga zangu, nijibuni. Aliyeleta jiwe, aliyelichonga, aliyeliokoa: je, nani alistahili kuombewa? Na brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?